Maswali ya Wasomaji: Gari Linapovuka Mpaka

Katika toleo lililopita tulitaja kwa ufupi kibali ambacho gari la Kenya hupewa linapoingia Uganda, na maneno yale machache yametuletea barua nyingi kutoka Nakuru, Kisumu na kaunti za mpakani. Tumechagua sita. Majina ya walioandika tumeyahifadhi.

Mwalimu mstaafu wa Nakuru anauliza:

Ndugu Mhariri, mimi na mama watoto tunakusudia kwenda Lusaka mwezi wa Desemba kwa gari letu wenyewe, tumtembelee binti yetu aliyeolewa huko, na Mungu akipenda tuteremke hadi Livingstone tuyaone maporomoko, kisha pengine tuingie Botswana siku mbili tatu. Rafiki yangu mmoja anasema bila karneti sitapita Namanga, na kwamba karneti inadai mtu aweke benki fedha zinazokaribia bei ya gari lenyewe. Mwingine amenicheka, akasema yeye hufika Arusha kila mara akiwa na logbuku tu, yaani hati ya usajili wa gari. Nimsadiki nani?

Jibu:

Shikamoo Mwalimu. Marafiki wako wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja amekupa nusu yake.

Anza na jinsi forodha inavyoliona gari. Wewe unajiona msafiri anayekwenda kumjulia hali binti yake, lakini kwa afisa aliyeko Namanga, mpakani mwa Tanzania, au Nakonde, mpakani mwa Zambia, gari lako ni bidhaa iliyoingia nchini mwake bila kulipiwa chochote. Likiuzwa huko kimyakimya, serikali yake itakuwa imekosa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, na juu yake VAT, ambayo Tanzania hutozwa asilimia 18 na Zambia asilimia 16. Hakatai lisiingie. Anachotaka kujua ni siku litakayotoka na, iwapo halitatoka, ni nani atakayelipa. Karatasi zote utakazosikia zikitajwa, hata zikiwa na majina ya kutisha, ni njia tofauti za kumjibu maswali hayo mawili.

Njia ya kwanza, ambayo ndiyo ya wasafiri wengi wa huku kwetu, ni kibali cha kuingiza gari kwa muda. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kibali hiki kinatokana na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004, ambayo katika kifungu cha 117 inaruhusu kitu kiingizwe kwa matumizi ya muda bila ushuru, mradi kitolewe tena katika kipindi kisichozidi miezi 12. Usidhani kwamba miezi hiyo 12 ndiyo utakayopewa wewe. Gari la matembezi hupewa siku au wiki chache tu, na tarehe ya mwisho huandikwa kwenye kibali chenyewe pamoja na namba za gari na jina la anayeliendesha. Rafiki yako wa Arusha alipewa kibali hicho bila shaka. Pengine wakala alimjazia huku yeye akinywa chai, naye akakitia kwenye dashibodi bila kukisoma. Zambia nayo, ingawa haimo katika jumuiya yetu, hukupa kibali chake mpakani, na pamoja nacho utalipia ada za barabara na kodi ya moshi wa magari. Botswana, ambayo siku hizi unaiingia kwa daraja la Kazungula lililofunguliwa mwaka 2021, hufanya vivyo hivyo kwa ada zake.

Njia ya pili ni karneti. Hiki ni kijitabu cha kurasa 5, 10 au 25, kinachodumu kwa muda usiozidi mwaka mmoja, na msingi wake ni mikataba ya kimataifa, hasa ule uliotiwa saini New York mwaka 1954 kuhusu magari ya watu binafsi. Hapa kwetu hutolewa na AA ya Kenya, chama cha waendeshaji magari. Kila unapoingia nchi unatumia ukurasa mmoja, na ukurasa huo umegawanywa vipande vitatu kutoka juu hadi chini. Afisa wa nchi unayoingia hugonga mhuri, akachana kipande cha chini na kubaki nacho. Siku unapotoka, afisa mwingine hugonga mhuri na kuchana kipande cha kati. Kile cha juu hubaki kitabuni kwako, na hakihesabiwi kuwa kimekamilika mpaka kiwe na mihuri yote miwili, wa kuingia na wa kutoka.

Kuhusu fedha, rafiki yako hakutia chumvi sana. Karneti ni ahadi ambayo chama cha waendeshaji magari kinaipa serikali ya kigeni kwamba gari lisipotoka, chama kitalipa ushuru. Hakuna chama kitakachotoa ahadi ya namna hiyo mikono mitupu, ndiyo maana hudai dhamana ya benki au amana, na kiasi chake hukadiriwa kwa kuangalia thamani ya gari na nchi yenye ushuru mzito kuliko zote zilizo njiani. Anayekwenda Misri, au anayetaka kuipitisha pikipiki yake Iran, Pakistan na India, hana namna ya kuikwepa. Kwa safari yako, Mwalimu, sioni sababu ya kufungia benki akiba ya kustaafu. Vibali vya mpakani vitakutosha kutoka Namanga hadi Kazungula. Lau ungekuwa na nia ya kupita nchi nyingi kwa miezi mingi, ningekushauri vingine, kwa maana karneti hukuondolea foleni na mabishano katika kila kituo.

Nitakuomba uwe mwangalifu sana mahali pamoja, nako ni Tunduma. Tunduma na Nakonde ni kituo cha pamoja, nchi mbili zinahudumia chini ya paa moja, na mtu aliyechoka baada ya mwendo wa kutoka Mbeya huona dirisha la Zambia, akaharakisha kwenda kulipa, akamaliza, akaondoka. Kibali chake cha Tanzania hakikufungwa. Kwenye kompyuta ya forodha gari lake linasomeka kuwa lingali Tanzania, siku zake zinaendelea kuhesabiwa, na atakaporudi ndipo ataulizwa lilikuwa wapi. Kabla hujazungumza na Zambia, simama kwa Tanzania, toa kibali, na usiondoke dirishani mpaka uone kimefungwa au uwe na karatasi inayosema hivyo.

Mengine ni mepesi. Beba logbuku halisi na nakala zake, leseni, pasipoti, na kadi ya manjano ya COMESA, ambayo ni bima na si ile kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ingawa ya chanjo nayo uwe nayo. Bima hiyo ya COMESA inakulinda Tanzania na Zambia. Botswana haimo katika mpango huo, kwa hiyo yao utailipia mpakani.

Mama wa Milimani, Kisumu, anauliza:

Tunapeleka mahari Tororo, na gari langu ni mojawapo ya matatu yatakayokwenda. Tatizo ni kwamba logbuku ina jina la mume wangu pamoja na la benki, kwa kuwa tungali tunalipa mkopo, na yeye yuko kazini Mombasa, hataweza kufika. Nitaruhusiwa kuvuka Busia nikiendesha mimi?

Jibu:

Utaruhusiwa, dada, lakini usiondoke Kisumu bila barua mbili, na barua ya benki uianze sasa kwa sababu ndiyo inayochelewa.

Logbuku yenye majina mawili ina wenye gari wawili. Benki ni mwenye gari pia, na ina haki ya kutotaka dhamana yake ivuke mpaka. Mikataba mingi ya mikopo hukataza jambo hilo waziwazi mpaka benki ikubali kwa maandishi. Kwa hiyo mumeo aiandikie benki, au wewe uende kwenye tawi lililotoa mkopo, mpate barua inayotaja namba za gari, nchi mnayokwenda na tarehe za kwenda na kurudi. Barua ya pili ni ya mumeo mwenyewe, akikuidhinisha wewe kwa jina na kwa namba ya kitambulisho kuliendesha gari hilo hadi Uganda na kulirudisha. Aitie saini mbele ya wakili au kamishna wa viapo huko Mombasa, na nakala ya kitambulisho chake iambatishwe. Barua ya kuandikiwa garini kwa kalamu ya kuazima, ambayo wengine hudhani inatosha, humfanya afisa aanze kujiuliza kama gari limeibwa, na hapo safari ya mahari itaanza kusubiriwa Tororo bila kufika.

Kuna jambo ambalo hukuuliza, nalo ndilo huwakwamisha wengi wa huku kwetu. Pale Busia afisa hutoka nje na logbuku mkononi, akataka boneti ifunguliwe, akainama na tochi ya simu kusoma namba ya chesisi herufi kwa herufi, kisha akatafuta namba ya injini. Ikiwa gari lenu liliwahi kubadilishiwa injini katika karakana za jua kali na mabadiliko hayo hayakuandikishwa NTSA, mamlaka inayosajili magari Kenya, namba haitalingana, na hutaweza kumshawishi mtu kwa maneno. Hali ni hiyo hiyo kwa gari lililopakwa rangi nyingine ilhali logbuku inasema ni jeupe. Mwombe fundi wako akusomee namba hizo wiki hii, nawe uzilinganishe mwenyewe.

Kuhusu kuvuka kwenyewe, Busia ni kituo cha pamoja kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018. Ukienda Uganda hutasimama kwenye majengo ya upande wa Kenya. Utapita hadi upande wa Uganda, na humo humo utawakuta uhamiaji wa Kenya na wa Uganda, pamoja na mamlaka za mapato na forodha, KRA ya Kenya na URA ya Uganda. Ukirudi, kila kitu hufanyiwa upande wa Kenya. Wakenya wanaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, kwa hiyo wazee wasio na pasipoti wasibaki nyumbani kwa sababu hiyo. Kadi ya manjano ya COMESA itoe kwa kampuni yako ya bima kabla ya safari, kwa kuwa ni nyongeza ya bima uliyo nayo tayari. Kumbuka kwamba inalipa madhara utakayowasababishia wengine na matibabu ya waliomo garini mwako, wala hailipi bati la gari lenu likikunjwa. Soma bima yenu kubwa uone kama inavuka mpaka. Benki pia itataka kujua hilo.

Magari yale mengine mawili yapewe vibali vyao mbalimbali. Msikubali wakala awaambie kwamba msafara wa harusi hupita kwa karatasi moja.

Msomaji wa Busia, upande wa Kenya, anauliza:

Shemeji yangu ni Mganda, ana gari lenye namba za Uganda. Amekuja kwetu, akaliacha uani na kurudi Kampala kwa basi kwa muda wa mwezi mmoja. Amenipa funguo na barua ya ruhusa. Naweza kulitumia hapa Busia na Bumala tu?

Jibu:

Hapana. Barua ya shemeji inathibitisha kwamba hujaiba, na hicho ni kitu kimoja. Lakini nafuu ya kutolipa ushuru alipewa yeye kama mgeni, si wewe mkaaji wa Kenya. Msingi wa nafuu hiyo, tangu kwenye mkataba wa 1954, ni kwamba gari liwe la mtu anayeishi nje ya nchi na litumike kwa ajili ya ziara yake. Mkenya akilishika usukani kwenda sokoni, mbele ya forodha gari hilo limeshaingizwa nchini bila ushuru, na linaweza kukamatwa na hata kutaifishwa, wala hasara haitakuwa yako bali ya shemeji. KRA imewahi kufanya misako ya magari ya namna hii zaidi ya mara moja.

Tena angalia kibali alichoingia nacho kinaisha lini. Kikiisha gari likiwa uani, ndiye atakayedaiwa. Mpigie simu leo aje alitoe au aombe nyongeza ya siku, na funguo ziweke kabatini.

Mkulima wa Bungoma anauliza:

Pikapu yangu ya mwaka 2003 iligongwa na lori karibu na Iganga nilipokuwa nimepeleka miche kwa jamaa zangu. Injini imepasuka na fremu imepinda. Fundi wa pale yuko tayari kuinunua kama chuma chakavu, na bei yake si mbaya. Kibali changu kimebakisha siku chache. Niiuze niachane nayo?

Jibu:

Pole sana kwa ajali, na shukuru kwamba wewe uko salama. Usiuze bado. Fundi ana nia njema, lakini akishakata pikapu hiyo vipande, kwenye kumbukumbu za URA itabaki gari zima lililoingia Busia na halikutoka, na deni la ushuru wake litakuwa lako.

La kwanza ni kuhifadhi siku zilizobaki. Nenda au mtume mtu mwenye barua yako kwenye ofisi ya URA iliyo karibu, akiwa na kibali, logbuku, taarifa ya polisi kuhusu ajali na picha za gari, aombe nyongeza ya muda kabla tarehe haijapita. Ombi linalofika kabla ya tarehe hupokewa kama taarifa ya mtu aliyepatwa na msiba; likifika baada yake, unajibu shtaka. Taarifa hiyo ya polisi ichukue nakala kadhaa, maana utaihitaji pia kwa bima. Ikiwa lori ndilo lenye makosa, madai yako yataelekezwa kwa bima ya lori. Ikiwa kosa ni lako, kadi ya manjano ndiyo itakayosimama, na ofisi inayosimamia mpango huo Uganda ijulishwe mapema, maana madai hushughulikiwa katika nchi ilikotokea ajali.

Baada ya hapo una njia chache. Unaweza kuivuta pikapu au kuipakia juu ya lori ukairudisha Kenya, na forodha haijali kama gari limetoka kwa magurudumu yake au limebebwa. Inachojali ni kwamba chesisi ile ile iliyoingia imetoka na kibali kimefungwa. Hakikisha wakala wa lori haipitishi kama mzigo wa vyuma tu bila kukitaja kibali chako. Unaweza pia kulipa ushuru kisha ukauza, lakini kwa pikapu yako njia hiyo imefungwa, kwa sababu tangu sheria ya mwaka 2018 Uganda hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 15 tangu kutengenezwa. Iliyobaki ni kuiomba forodha ikubali kuiachia serikali gari hilo bila gharama kwao, au iharibiwe chini ya usimamizi wao, nawe upewe cheti cha kuonyesha kwamba jambo limekwisha. Njia hizi mbili zinajulikana katika taratibu za kimataifa za magari yaliyoharibika vibaya ugenini, ingawa ni lazima afisa akubali kwanza na kwa maandishi.

Nikipiga hesabu kwa niaba yako, kuivuta kutoka Iganga hadi Busia si mbali, na huku nyumbani utauza vipuri kimoja kimoja kwa bei unayoitaka. Ningeivuta.

Mfanyabiashara wa nafaka wa Kakamega anauliza:

Nina lori dogo la tani saba. Nataka kuleta mahindi kutoka Mbale. Kibali cha muda kinatosha?

Jibu:

Hakitoshi, kwa sababu lori la biashara linahitaji leseni ya uchukuzi wa kuvuka mipaka na hulipia matumizi ya barabara za nchi jirani, na mahindi yenyewe yana karatasi zake mbali na za lori: cheti cha asili, cheti cha afya ya mimea, na uthibitisho kwamba hayana sumukuvu kupita kiwango. Kwa shehena ndogo ya thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, jumuiya yetu ina cheti cha asili kilichorahisishwa ambacho hutolewa mpakani hapo hapo, lakini tani saba za mahindi huenda zikakipita kiwango hicho kutegemea bei ya msimu. Piga hesabu ya mzigo kabla hujaondoka. Ukizidi kiwango, tumia wakala wa forodha aliyesajiliwa, na umwombe akuonyeshe leseni yake kabla hujampa hata shilingi moja. Pale Malaba na Lwakhakha wapo wengi wanaojiita mawakala.

Mpenzi wa pikipiki wa Kitale anauliza:

Mwaka uliopita nilizunguka nchi za kusini kwa pikipiki nikiwa na karneti. Nilipokuwa natoka nchi mojawapo, ambayo sitaitaja, ilikuwa usiku, umeme umekatika na kuna msongamano, nikaambiwa nipite tu. Ukurasa wa nchi hiyo una mhuri mmoja wa kuingia. Nimefika nyumbani salama, pikipiki iko hapa, hakuna aliyenitafuta. Karneti imebakisha mwezi mmoja kuisha. Naweza kunyamaza?

Jibu:

Usinyamaze, na wala usitulizwe na huo ukimya. Kwa mujibu wa mkataba wa 1954, forodha ya nchi uliyopita ina mwaka mzima, kuanzia siku karneti yako itakapoisha muda, kukitaarifu chama kilichotoa dhamana kwamba ukurasa haukufungwa. Kwa hiyo simu unayoiogopa inaweza kuja wakati umeshasahau hata barabara mliyopita. Ikija, chama kitadaiwa ushuru, nacho kitaugeukia ule mfuko ulioweka wewe.

Bahati yako ni kwamba kasoro hii ina dawa, na ni rahisi zaidi pikipiki ikiwa bado mikononi mwako. Karneti ina fomu ya kuthibitisha mahali chombo kilipo. Fomu hiyo hujazwa na kutiwa mhuri na forodha, na katika hali nyingine polisi au ubalozi wa nchi ambayo ukurasa wake haukufungwa, baada ya afisa kuiona pikipiki kwa macho na kulinganisha chesisi na injini na yaliyoandikwa kwenye jalada la karneti. Kwa kuwa uko Kitale, anza kwa kuipigia simu AA ya Kenya iliyokupa kijitabu, uwaeleze ukurasa ni wa nchi gani, nao wakuambie wanataka mhuri wa nani. Kisha ipeleke pikipiki yenyewe, si picha yake, kwenye ofisi ya forodha watakayokutajia. Kusanya pia kila kinachoonyesha kwamba uliondoka kweli katika nchi ile: mhuri wa kutoka kwenye pasipoti, mhuri wa kuingia nchi iliyofuata, ukurasa wa karneti wa nchi hiyo iliyofuata, risiti za petroli na za hoteli zenye tarehe. Mhuri wa kuingia nchi ya pili ndio ushahidi wenye nguvu kuliko risiti zote, kwa maana chombo hakiwezi kuwa kimeandikishwa kuingia upande mmoja kikiwa hakijatoka upande mwingine.

Fanya haya kabla ya mwezi huo kwisha, na usiirudishe karneti kwa AA mpaka fomu iwe imejazwa. Kabla ya kuikabidhi, toa nakala ya kila ukurasa uliotumika, mbele na nyuma, pamoja na nakala ya fomu yenye mhuri, na uombe risiti ya kuipokea yenye tarehe. Dhamana yako hurudishwa baada ya kijitabu kukaguliwa na kuonekana kimekamilika, na ukaguzi huo unaweza kuchukua muda kwa sababu ya ukurasa huo mmoja. Nakala na risiti ndizo utakazofuatilia nazo.